Aliyemwaga Mafuta ya Magwinya Ni Mimi

Admin, jina langu lifiche na kijiji kiache. Sema tu ni bibi wa Manyoni, nimeshapita sabini. Shule sikuiona, kuandika nilifundishwa ukubwani, darasa la ngumbaru. Mkizicheka herufi zangu chekeni, ila mnisome mpaka mwisho, wajukuu zangu.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, pale karibu na reli, nilikuwa bado mbichi, nina mume. Jirani yetu alikuwa mwanamke wa Afrika Kusini aliyewakimbia makaburu, mumewe walishamuua. Nitamwita Thandi. Kiswahili chake cha kuokota, lakini mikono yake! Alitufundisha kupika magwinya. Siyo maandazi, msikosee. Unga unaukanda laini mpaka unanata, unauacha uumuke, unachota kwa mkono wenye mafuta, unatumbukiza kwenye karai. Linatoka bonge, nje kavu, ndani kama pamba. Unalipasua, unajaza nyama ya kusaga. Siku ya ukata, maharage. Mimi nililipenda na asali ya Itigi, inatiririka mpaka kiwikoni unairamba. Tukafungua kibanda cha akina mama, mafundi wa reli wakawa wanapanga foleni.

Mume wangu, sasa marehemu, alikuwa na ngumi nyepesi. Alinivunja jino kwa sababu ya ugali uliopoa. Nilipomshtaki kwa mama mkwe, akaniambia, "Vumilia, hata mimi nilipigwa."

Siku hiyo alikuja kibandani mchana, amelewa. Mimba yangu miezi saba. Fundi mmoja alikuwa ananitania, "Shemeji, leo nyama umenipunja, umeninunia?" Nikacheka. Basi, kicheko tu. Mume akanikamata nywele, akanibamiza kwenye nguzo. "Malaya wewe! Unawachekea?" Akanipiga teke la tumbo, nikaanguka magoti kando ya jiko. Fundi akatimua mbio, tukabaki watatu. Thandi akamrukia mume wangu mgongoni, akamng'ata sikio. Akatupwa chini kama gunia. Mguu ukainuka tena kulifuata tumbo langu. Nikashika karai kwa matambara, nikammwagia mafuta ya moto usoni. Sikuteleza, wajukuu zangu. Nilikusudia. Ngozi ilibambuka kama ganda la kiazi, jicho moja likapotea.

Balozi wa nyumba kumi akaja na mgambo. "Nani kafanya hivi?"

Thandi akalitazama tumbo langu, akaninyang'anya yale matambara, akanong'ona, "Dada, wewe na mtoto. Mimi hapana." Kisha akapaza sauti, "Ni mimi!"

Walimpiga virungu mbele yangu mpaka mkono wake ukavunjika, ukalia kama kuni kavu. Watu wakashangilia, "Mgeni mchawi huyo, mpigeni!" Mimi kimya. Wakamfukuza kijijini, wakamtupa kwenye behewa la mizigo, sikumwona tena.

Mume alijua. Alinyamaza kwa sababu mwanaume aliyeunguzwa na mkewe angechekwa kilabuni mpaka kufa. Hakuniinulia tena mkono. Lakini mtoto niliyekuwa nimembeba siku ile, baba yake alimlisha uongo: "Mwanamke wa Kusini ndiye aliyenitoa jicho." Mwanangu ana mvi sasa. Chuki yake haina hata unywele mweupe.

Sasa Thandi amefariki. Binti yake, aliyezaliwa baadaye, ametutafuta mpaka akatupata kwa simu. Mama yake alimwambia tu kwamba kuna familia Manyoni aliiumiza, aende akaiombe radhi. Hata kufa, hakunitaja! Mwanangu akamjibu, "Njoo na kondoo wa kusafishia damu, upige magoti mbele ya ukoo." Yule binti akasema, "Nitakuja, kaka." Anafika Jumamosi.

Juzi nilianza, "Baba, ile habari ya jicho la baba yako..." Akanikatisha, "Mama, ukimtetea yule shetani, nitakusahau." Na yeye ndiye anayenilisha, ndiye atakayenizika.

Nikisema, nampoteza mwanangu uzeeni. Nikinyamaza, mtoto wa Thandi atapiga magoti kwa kosa langu, mimi nimekalishwa kwenye kiti cha heshima, nangoja kuombwa msamaha. Huruma zenu sizitaki. Niambieni wazi, kama mnavyomwambia bibi yenu mliyemzoea: nimwambie mwanangu kabla ya Jumamosi, au nisimame siku hiyo mbele ya ukoo wote? Nifanyeje?