Walipomwomba Shangazi Sauti

Mwanangu, kila uchaguzi wa Shura, baraza la ushauri la nchi hii, unapokaribia na simu yako ikaanza kulia bila kupumzika, hunirudia alasiri moja ya mji wa Ibra. Jana uliniambia, uso umekunjuka kwa furaha, kuwa wamekuchagua uwasaidie kutafuta kura za watu wetu wanaozungumza Kiswahili, kwa kuwa wewe lugha zote mbili unazo. Nimefurahi nawe. Lakini kazi hiyo niliifanya mimi kabla hujazaliwa, na kabla hujawajibu ningependa unisikilize. Weka simu chini. Chai ikipoa nitakutilia nyingine.

Ulikuwa mwaka ambao kila kitu kilipanda. Mchele ulipanda, unga ukaufuata, mafuta nayo hayakubaki nyuma, na ukienda dukani Jumanne na pesa za Jumatatu unakuta bei ya Jumatatu imeshasahaulika. Mimi nilikuwa na mshahara wangu wa ukarani katika afisi moja ya serikali, kwa hiyo nililalamika kama walivyolalamika watu wote wenye mishahara, yaani kwa mdomo tu. Shangazi yangu Zuwena hakuwa na mshahara. Yeye ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki, ndiye aliyenishika mkono tulipotoka Unguja kuja huku nchi ya mababu zetu, na alikuwa mjane anayeishi kwa vitumbua. Kila Jumatano alikwenda navyo kwenye soko la wanawake, lile ambalo mwanamume haruhusiwi kupita mlangoni. Alikuwa na mahali pake pa kukaa na wateja wake, wengine wakija kutoka Samad kwa ajili yake tu.

Sasa kitumbua ni mchele, wewe unajua. Mchele ulipopanda, Shangazi hakutaka kupandisha bei, akaanza kuvipunguza upana. Wiki hadi wiki vikawa vinanywea, mpaka wanawake wa sokoni wakawa wanakiinua kimoja na kumtania: "Bi Zuwena, hivi ni vya watoto kuchezea?" Akicheka nao. Nyumbani hakuwa akicheka. Binti yake alikuwa ameolewa mjini Sur, na mume, mtu mwema kabisa, alikuwa keshasema mara nyingi kuwa mama ahamie kwao apumzike. Shangazi alikuwa akisema, "Nikapumzike kwa mkwe? Nipite ukumbini kwa kunyata kila nikenda kuoga?" Kila mwezi aliokwisha kulipa kodi ya nyumba yake ndogo pale Ibra alikuwa kama mtu aliyeshinda kesi. Aliogopa kuhamia Sur kuliko alivyoogopa njaa, na mimi nilijua hivyo.

Huku hatuna vyama, lakini usidanganyike kuwa hatuna mikakati. Mtaa wa juu una wakubwa wake na mtaa wa chini una wake, na mwaka ule mtaa wetu ulikuwa umekubaliana juu ya mgombea mmoja ili kura zisigawike. Aliyesimamia mipango yote alikuwa binamu yangu Nasser. Alikuwa kijana mwenye akili nyepesi, kanzu yake haina kunyanzi hata saa nane za mchana, na alijua kila nyumba ina watu wangapi wenye haki ya kupiga kura, nani kakasirikiana na nani, na nani atahitaji gari siku yenyewe. Wanawake wetu walikuwa wengi na wengi wao Kiarabu chao kilikuwa cha sala na cha kununulia vitunguu. Kwa hiyo nikaitwa mimi, Rayya, niwe mdomo wa mgombea kwao.

Nilimuuliza Nasser tuseme nini juu ya bei za vitu, maana kila nyumba niliyokanyaga nilikuwa nikiulizwa hilo kabla hata sijakalishwa. Akatabasamu kama mtu anayemfundisha mtoto. "Dada Rayya, mchele hauna kabila," akaniambia. "Ukiuzungumza mchele, mtu wa mtaa wa chini naye ataonekana ana haki. Wakumbushe jamaa zao ni nani. Khalas." Na wallahi, mwanangu, nililiona neno la busara kubwa. Nililirudia kwa wengine kana kwamba nimelibuni mimi.

Jambo jingine alilonionya lilikuwa juu ya mama yake mgombea, Bi Thuraya. Yeye alijulikana kuwa ni mtu wa Samad, kakaa kimya katika buibui lake, na Kiarabu chake ni kile kizito cha watu wa huku ndani. Palikuwa na wanaosema kuwa alizaliwa Pemba na akaja msichana, lakini hakuna aliyewahi kumsikia akitamka hata "karibu". Nasser alisema tusiliguse hilo kabisa, kwa sababu katika familia za upande wa jangwani walikuwamo waliokuwa bado wakituita sisi wageni, na kura zao zilikuwa zikihitajika. Basi Bi Thuraya akawa anakwenda kila mkutano, anakaa, anasalimia kwa kichwa, anaondoka.

Siku ya mkutano wa wanawake palipikwa kahawa na halua ikaletwa sinia kwa sinia. Wazee wetu walikuja, lakini walikaa kwa wasiwasi. Hawa ni watu walioona Unguja jirani akiacha kumsalimia jirani kwa sababu ya chama, hata maiti ya mtu ikakosa wachukuzi, na neno uchaguzi likitajwa mbele yao hutazama mlango uko wapi. Shangazi alikaa mstari wa mbele. Alikuja kwa ajili yangu, aliniambia, aone nilivyovaa.

Mgombea akaingia na Nasser, wakasimama karibu na mlango kwa adabu. Alikuwa mtu mzima mwenye haya, hakujua aiweke wapi mikono yake. Akasema maneno mazuri juu ya umoja na mababu, nami nikawa nayageuza kwa Kiswahili safi, na nilikuwa nikijisikia hasa. Mwisho akasema kuwa anategemea aswat zao. Sasa, kwa Kiarabu neno ni moja, sawt ndiyo kura na sawt hiyo hiyo ndiyo sauti. Mimi nilikuwa nimechoka, Kiarabu cha afisini kimenijaa kichwani, neno likatoka kama lilivyoingia. Nikasema, "Anakuombeni sauti zenu."

Shangazi akaweka kikombe chini.

"Sauti yangu?" akasema. "Hebu mwambie akae, basi. Hii haitolewi mtu kasimama."

Watu wakacheka. Nikamwinamia, nikamnong'oneza, "Shangazi, kura. Nilikusudia kura."

"Kura ntaitia sandukuni siku yake ikifika, na haikuhusu wewe wala yeye ntamtilia nani. Leo kaomba sauti." Akaanza. Hakupiga kelele, lakini ukumbi mzima ulimsikia, na mpaka waliokuwa jikoni walikuja kusimama mlangoni. Akasema juu ya mchele na mafuta na gari la maji. Akasema kuwa yeye ni mwanamke anayejitegemea tangu alipofiwa na mumewe, na kwamba vitumbua vyake vimekuwa vidogo mpaka anaona haya kuvitazama. "Nyie mnakuja kunambia mie ni mtu wa mtaa gani," akasema. "Mtaa wangu naujua. Mie nakuulizeni kama mwakani ntakuwa nakaa katika mtaa huo au la. Maana mambo yakenda hivi, ntakuwa Sur, kwa mkwe, na huyo mtu wa jamaa zenu mnayemtaka hamtamwona hapa."

Akamaliza, akaniangalia. Mgombea naye akaniangalia. Nasser akasogea nyuma yangu, akasema kwa Kiarabu kwa sauti ya chini, "Mwambie Bi Zuwena anamuombea dua. Yallah, haraka."

Mwanangu, nimeulizwa mara nyingi ningesema nini. Sijui. Mpaka leo sijui, na nimechoka kujipamba kwa jawabu. Ninachojua ni kuwa mdomo niliufungua na hakikutoka kitu.

Ndipo Bi Thuraya aliposema kutoka pembeni, kwa Kiswahili cha Pemba kisicho na vumbi hata kidogo: "Mwacheni mwana wa watu. Mie ntamwambia."

Nasser akafumba macho. Na yule mama akamgeukia mwanawe, akamweleza kwa Kiarabu neno kwa neno, hakupunguza kitu, hata ule wasiwasi wa kupita ukumbini kwa mkwe akautia. Nadhani na yake mwenyewe aliongeza mawili matatu. Mwanawe alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyeitwa na mwalimu. Alipoinua, alisema jambo ambalo hakuna mtu wa mkakati angemruhusu alitamke. Alisema bei hawezi kuishusha. Wajumbe hushauri na huuliza, na hawana amri juu ya gunia la mchele. Hili nililigeuza mimi, barabara, kama alivyolisema.

Shangazi akatikisa kichwa, wala hakukasirika. "Basi kaulize," akasema. "Na ukishauliza, rudi utwambie umejibiwaje. Hata kama hukupewa kitu, rudi."

Akaahidi.

Njiani nikitembea naye kwenda kwake nilimlaumu, nikamwambia kaniaibisha mbele za watu. Alisimama katikati ya njia, watu wanapita. "Mie nimekufundisha lugha hii ungali huna meno," akanambia. "Nimesema kitu kimoja wazi mbele ya umma, na wewe uliyekuwa mdomo wangu umesimama unatafuta. Ulikuwa ukitafuta nini? Maneno nilikuwa nshakupa." Tulifika kwake akanipa chai kama kawaida. Yeye hakulirudia tena.

Nasser alikasirika hata akaacha kunisalimia kwa muda. Alihesabu kuwa tumepoteza watu wa jangwani kwa sababu ya Kiswahili cha Bi Thuraya, na tumepoteza wenye njaa kwa sababu ya jawabu la mwanawe. Hesabu yake haikutoka. Mgombea alishinda. Kwa nini alishinda mimi sidai kujua, pengine magari yalikuwa mengi tu. Shangazi alipiga kura yake, akatoka na kidole chenye wino, na nilipomuuliza kampigia nani alinipa kipande cha halua nile ninyamaze.

Mwaka uliofuata mchele haukushuka. Shangazi aliuza sufuria zake kubwa kwa jirani, akampa mwingine mahali pake sokoni, na mkwe akaja na gari, kwa heshima zote, akamchukua. Baada ya hapo haukupita muda, Jumatano moja, Bi Thuraya aliingia sokoni peke yake akimtafuta. Akanikuta mimi nanunua ndimu. Akasema kuwa mwanawe aliuliza, akauliza tena, na majibu yalikuwa marefu lakini ya kushika mkononi hayakuwamo. "Anaona haya kuja," akanambia kwa Kiswahili, mbele ya watu. "Nimemwambia ahadi ni ahadi, ikiwa hutaki kwenda wewe ntakwenda mie." Nikamwambia kuwa kachelewa. Alisimama pale kashika mkoba wake, na mimi nilimwonea huruma kuliko nilivyotarajia.

Nilikwenda Sur kumpelekea Shangazi habari. Nyumba ilikuwa nzuri, ina viyoyozi, na alikuwa kapewa chumba chake cha nyuma. Nikamwamkia kwa sauti, "Shikamoo Shangazi!" Akaniwekea kidole mdomoni. "Marahaba. Polepole, mkwe kalala, katoka zamu." Tukazungumza kwa kunong'ona alasiri yote. Mwanamke aliyewatoa watu jikoni waje kumsikiliza alikuwa akiniambia habari zake kwa kunong'ona, na kila mlango ukilia anajifunika vizuri. Nilimpa maneno ya Bi Thuraya. Alifurahi, niliona. Akanishika mkono, akanivuta karibu.

"Nnataka ufanye jambo moja," akasema. "Mkwe anasema nihamishe jina langu la kura lije huku Sur, nisisumbuke na safari. Nenda afisini kwenu ukahakikishe halihami. Ntakuja Ibra kupiga kura hata kwa kubebwa. Huku mie mgeni wa watu. Kule mie mtu."

Nililia njia nzima kurudi, mwanangu, na sioni haya kusema. Nilimlilia yeye, na nililia kwa hasira, kwa sababu nyuma ya mikakati yetu yote hakuna aliyekuwa amekaa akajiuliza mchele ukipanda mtu hupoteza nini. Tulidhani anapoteza chakula. Shangazi alipoteza nyumba ya kusemea.

Basi nenda ukaifanye kazi hiyo, sikuzuii. Lakini watu wakikupa maneno yao uyafikishe, mazima, hata yule aliyekuajiri akikusogelea mgongoni. Usimfundishe mtu kabila lake, analijua. Mwulize anaishije. Na mgombea wako akiulizwa asiloliweza, mwache aseme haliwezi, kisha umshike mkono umrudishe kwa waliomuuliza mapema, wangali kwao. Akiona haya, mwambie haya hiyo aiweke kwa siku nyingine. Nawe ukiwa mpiga kura, usimalizwe na sinia la halua. Kula, kisha uliza.

Mungu akulinde na ulimi wa kunyamaza pasipostahiki. Akupe riziki halali itakayokuweka chini ya paa lako mwenyewe, uzee wako ukukute ukisema kwa sauti yako kamili na watu wa nyumbani wakikwambia, hebu punguza, majirani wanasikia. Amin. Haya, leta kikombe.