Udongo Wenye Nyuzi

Mama mkwe wangu alikuwa mfinyanzi, na mitungi yake ilinunuliwa kuanzia Bomani mpaka Sirari. Mtungi mzuri hutoa jasho kidogo kwa nje, ndiyo maana maji yake hupoa. Mwaka nilioolewa, mitungi yake ilianza kuvuja. Ukiujaza mtungi asubuhi, mchana unakuta nusu ya maji iko sakafuni. Wanunuzi wakawa wanairudisha, na kila uliporudi mmoja, alinitazama mimi.

Aliniita Nyar Kenyamonta, yaani binti wa Kenyamonta kwa lugha yao. Kwao ni jina la heshima kwa mke aliyetoka huko, ila kinywani mwake lilikuwa na miiba.

"Nyar Kenyamonta, umeshika udongo wangu?"

"Sijashika, mama."

Mwanamke mwenye mkono mbaya hasogelei udongo wa mfinyanzi, hivyo nilikatazwa hata kupita karibu na kibanda chake. Kisha nikamsikia akimwambia mwanawe, mume wangu, kwamba mavuno yakiisha nirudishwe kwetu, maana mto haukuwahi kumnyima udongo mzuri mpaka nilipoingia mimi. Mume wangu alinyamaza. Nilimchukia kwa kunyamaza kule kuliko nilivyomchukia mama yake kwa kusema.

Ilikuwa miaka ya dhahabu. Mume wangu na wenzake walikuwa na mwalo wa kuoshea dhahabu ukingoni mwa mto, wakiosha mchanga wa mawe yaliyosagwa. Wanaumwaga kwenye ubao ulioinama, uliotandikwa viroba na kapeti, maji yanapita, dhahabu inanasa kwenye manyoya. Kapeti likichakaa linatupwa mtoni, linatandikwa jingine. Hata mama mkwe alitoa lake la sebuleni, la kijani, alilolipenda kupita kiasi. Nani angemnyima mwanawe utajiri?

Kazi niliyoachiwa ilikuwa kutupa vigae. Siku za kuchoma mitungi, moshi wa nyasi na samadi ulikuja na harufu ya nailoni inayoungua, na hiyo nayo akasema nimeileta mimi. Siku moja niliinua kigae juani, nikaona mwanga ukipenya. Kilikuwa na vitundu vyembamba, vingine vimepinda, vimetoka ndani mpaka nje. Sindano haitoboi hivyo. Kilichokuwa mle kilikuwa uzi, nao umeungua.

Nikasema moyoni, kama ni kufukuzwa, basi nifukuzwe kwa kosa nililolifanya. Nikaingia kibandani mchana kweupe, yeye ameketi palepale, nikatia mikono yote miwili kwenye udongo wake.

"Yawa! Mikono yako!"

"Tazama kwanza, mama. Halafu unifukuze."

Nikamega donge, nikalivuruga kwenye bakuli la maji. Vidole vyake vilijua kutoa mizizi na vijiwe, lakini nyuzi hizi zilikuwa nyembamba kuliko mzizi wowote. Zikaelea nyuzi nyeupe za viroba, za buluu, za kijani. Akaokota moja ya kijani, akaisugua kati ya vidole. Hakuuliza imetoka wapi.

Maji ya mitungi ile ndiyo tuliyokuwa tukinywa sote. Hadi leo nikinywa maji nasita kabla ya kumeza, nikitafuta kitu kwa ulimi.

Tulikwenda mtoni pamoja, mimi na bakuli, yeye na jembe. Alichimba pale alipochimba miaka yote, akaosha donge, nyuzi zikaelea. Akachimba chini zaidi, mpaka mkono ukazama hadi begani. Zilikuwepo. Tukapanda kufuata mto, tukaupita mwalo wa mwanawe, na mbele yake kulikuwa na mwalo mwingine, na mbele ya huo, mwingine. Kila aliposimama alichimba, na kila bakuli alilitazama kwa muda mrefu, midomo ikicheza bila sauti. Nilitaka kumwambia basi, turudi, lakini niliogopa.

Mwishowe alikaa kwenye matope na gauni lake.

"Kumbe si wewe," alisema.

Neno hilo nilikuwa nimelisubiri tangu niolewe. Nilipolisikia nikaanza kulia, kwa sababu nilitamani ningekuwa mimi. Mimi ningeweza kurudishwa kwetu.