Jina Alilolitaja Mama Mara Moja

Naitwa Juma. Ukiliita jina hilo sokoni Korogwe, nusu ya wanaume watageuka. Asili yake ni Uarabuni. Lilifika kwetu pamoja na dini, na hupewa mtoto wa kiume aliyezaliwa Ijumaa. Babu yangu mzaa baba alizaliwa Ijumaa, akaitwa Juma. Mimi nilizaliwa Jumanne, nikalirithi tu kwa kuwa mjukuu wake wa kwanza.

Kwetu Kwaluguru, Handeni, mwanamke hatamki jina la baba mkwe wake. Kwa hiyo mama aliniita Baba. Bibi aliniita "mume wangu" na kunisuta kwamba simletei kuni. Baba mwenyewe alikuwa akikata mkonge Ngombezi, haji ila sikukuu. Nikafikia umri wa shule nikiamini jina langu ni Baba.

Mwaka tuliohamia kijiji cha Ujamaa, mama alinipeleka kuandikishwa darasa la kwanza. Ilikuwa siku ya mwisho. Nilipitisha mkono juu ya kichwa, nikagusa sikio la upande wa pili, umri ukatosha.

"Jina?" aliuliza mwalimu, kijana mgeni.

"Baba."

"Baba wa nani, na wewe mwenyewe huna meno ya mbele?" Foleni nzima ikacheka. Akamgeukia mama. "Anaitwa nani, mama?"

"Ana jina la mkwe wangu, mwanangu. Silitaji."

"Basi mlete huyo mkwe alitaje."

"Amesafiri, yuko Makuyuni."

"Mama, heshima yako naijua, lakini nafasi imebaki moja."

Mama alitazama waliosimama nyuma yetu. Akajifunika kanga usoni, akageukia ukuta, akalitaja. Mwalimu akaandika.

Babu aliporudi, mama alimpelekea jogoo, akapiga magoti na kukiri kosa. Babu alimpokea yule jogoo, akasema, "Kama ni kwa ajili ya shule, ungelitaja hata mara mbili."

Leo nimerudi Handeni na diploma ya ufundi, wa kwanza kijijini kwetu kuipata, na naishi katika nyumba niliyoichora na kuijenga mwenyewe. Mimi husema nimejitengeneza mwenyewe, na sichoki kusema. Lakini darasa la kwanza sikujiingiza mimi.

Diploma nimeitundika sebuleni, jina langu kwa wino mweusi. Wageni wakimuuliza mama ni ya nani, hujibu, "Ya Baba."