Wimbo wa Mama Wavinya

Nthambi alikuwa fundi wa cherehani hapa Mlolongo, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa pia sauti yetu. Duka lake lilikuwa chini ya gorofa ya kukodisha, nyuma ya barabara ya malori. Kazi yake kubwa ilikuwa mapazia, kwa sababu hapa watu huhama kila mwisho wa mwezi, na kila anayehamia hukuta madirisha hayalingani na mapazia aliyokuja nayo. Alishona akiimba. Wapangaji wa juu walimzoea hata siku akiwa na homa walishuka kuuliza kuna nini, mbona leo kimya.

Kikundi chetu kinaitwa Ngwatanio. Tulianza tukiwa wanawake sita, tukikutana Jumapili alasiri kwenye ukumbi wa kanisa, na tukafika kumi na mmoja. Mlolongo ni mahali ambapo mtu anaweza kukaa miaka minne bila kujua jina la jirani wa mlango wa pili. Lakini Jumapili ya mwisho ya mwezi, tulipocheza, ukumbi ulijaa. Walikuja madereva, wafanyakazi wa viwanda vya Athi River, vijana na Sheng yao, akina mama na watoto mgongoni. Watoto waliozaliwa kwenye gorofa, ambao hawajawahi kulala kijijini hata siku mbili, walijifunza pale kutikisa mabega kama nyanya zao.

Sisi Wakamba kiongozi wa wimbo tunamwita ngui. Nthambi ndiye aliyekuwa ngui wetu. Aliyemjibu alikuwa Kavindu, ambaye wote tulimwita Mama Wavinya. Kavindu alipika muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, kwenye kibanda karibu na mizani ya malori, mwanamke mfupi, mwenye maneno machache, na sauti yake haikuwa ya kushangaza mtu. Ila nyimbo zilitoka kwake. Alizitunga akikoroga sufuria, halafu jioni anapita dukani kwa Nthambi na kumwimbia polepole mpaka mwenzake anazishika. Nthambi alikuwa na sauti, Kavindu alikuwa na maneno, na hakuna aliyewahi kuuliza kipi ni kikubwa. Walikuwa wakikopeshana hata leso.

Mume wa Kavindu aliitwa Mwendwa. Alikuwa mchonga mawe. Siku moja ya mwezi wa tatu ukuta wa machimbo ulimwangukia, yeye na nyundo yake, na Kavindu ndiye aliyeitwa mochari kumtambua. Nthambi alimsindikiza. Baada ya mazishi Kavindu hakufika ukumbini miezi minne. Siku aliporudi alikuwa na wimbo mpya, akauita *Ivia*, yaani jiwe. Tuliuimba kwa Kikamba, na kwa Kiswahili maneno yake ni haya:

*Mwendwa, umechonga nyumba za watu,*
*kuta za wasiokujua jina.*
*Mimi umeniachia jiwe moja tu,*
*na hilo ndilo nimekufunika nalo.*

Kwa Kikamba, mwendwa ni mpendwa. Mgeni akiusikia wimbo huo anadhani mtu anamlilia mpenzi wake asiye na jina. Sisi tulijua ni jina la mtu aliyekuwa akitubebea viti ukumbini.

Miaka kadhaa ikapita. Kisha akaja mtangazaji wa kituo kimoja cha redio cha Kikamba, na kinasa sauti chake, kutusikiliza. Jumapili hiyo Kavindu hakuwepo. Mama mkwe wake alikuwa mgonjwa huko kijijini Katelembo na alikuwa ameenda kumwona. Tuliimba *Ivia*, na mimi, Pauline, ambaye kazi yangu ilikuwa kayamba, nikaambiwa nijibu mahali pa Kavindu. Tulipomaliza, mtangazaji alikuwa na machozi.

"Mama," akamwambia Nthambi, "huu wimbo umenitoboa moyo. Maneno haya uliyatoa wapi?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya Nthambi, nikaona mabega yake yakiinuka.

"Niliyatoa kwenye uchungu," akasema.

"Pole sana, mama. Na huyo mpendwa alikuwa nani?"

"Alikuwa mtu wangu."

Tulikuwa wanawake kumi pale ukumbini. Hakuna aliyefungua mdomo. Baadaye tuliambiana kwamba mambo ya redio ni ya haraka, kwamba atarekebisha, kwamba mtangazaji mwenyewe ndiye aliuliza vibaya. Lakini tulisikia, na tulinyamaza, na mimi nilikuwa wa karibu kuliko wote.

Kipindi kilitoka Jumanne alasiri. Festus, mume wa Nthambi, ni bawabu wa kiwanda, na siku hiyo alikuwa nyumbani anakunywa chai. Aliposikia, aliweka kikombe chini.

"Mtu wako? Mtu wako si ndiye huyu anakunywa chai?"

Nthambi akacheka. Festus hakucheka.

"Nenda umwambie Mama Wavinya sasa hivi, kabla hajaambiwa na mtu mwingine."

"Nitaenda kesho. Leo niko na mapazia ya watu."

Lakini Kavindu alikuwa ameshasikia. Alikuwa kibandani, redio ikiwa juu ya friji mbovu, madereva wanakula. Walimwambia, "Mama, ongeza sauti, huyu mama anaimba!" Akaongeza. Alimaliza kuwapakulia wote, akafunika sufuria, akatembea mpaka dukani kwa Nthambi bila kuvua aproni. Mimi nilikuwa nimeenda kuchukua sketi yangu, ndiyo maana nayajua maneno yao.

"Mama Mumo," alisema, kwani Mumo ndiye kifungua mimba wa Nthambi, "mimi sikuulizi habari ya redio. Nakuuliza kitu kimoja. Mwendwa alipoangukiwa na jiwe, nani aliingia kumtambua?"

"Ni wewe."

"Na wewe?"

"Nilikuwa nje ya mlango. Nilikushika mkono ulipotoka."

"Basi ulinishika mkono. Huo uchungu uliushika lini?"

Nthambi akaanza kusema kwamba haikuwa nia yake, kwamba maneno yalimponyoka, kwamba angempigia mtangazaji simu. Kavindu alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akasema "sawa", akaenda zake. Ni lile "sawa" la mtu anayefunga mlango.

Nthambi hakupiga simu. Kwanza alisema atapiga wiki ijayo. Halafu wimbo ukaanza kupigwa kila Jumanne, watu wakauomba, shule zikatuita, tukaalikwa kwenye tamasha la utamaduni Machakos mjini, tukashonewa sare za kitambaa kizuri. Kila mwaliko uliufanya ukweli uwe mzito zaidi kuutoa. Mimi ndiye niliyekuwa nikijibu wimbo sasa. Nilijaribu kuweka sauti pale Kavindu alipokuwa akiiweka, chini kidogo ya ngui, kama mtu anayemshika mwenzake kiunoni asianguke. Sikuweza. Watu walipiga makofi hata hivyo.

Miaka miwili na nusu wanawake hao wawili waliishi umbali wa dakika saba bila kusalimiana. Siku moja tu Nthambi alijikaza, akaenda kibandani saa sita mchana. Alikuwa ameamua kusema. Kavindu alimtazama kama anavyomtazama mtu yeyote aliyeshuka kwenye lori.

"Karibu, mteja. Muthokoi na maharagwe, au na mboga?"

Nthambi alikula, madereva wakiwa pande zote mbili, akamaliza sahani yote, akatoka. Aliniambia kwamba tangu azaliwe hakuwahi kuitwa jina baya kuliko hilo, mteja.

Kisha Kavindu akaanguka. Ilikuwa asubuhi, akiwasha jiko. Damu ilikuwa imepanda kichwani, na aliporudishwa kutoka hospitali upande wa kulia ulikuwa umekufa na kauli imepotea. Binti yake Wavinya, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyekuja dukani kutoa habari.

"Huitwi na mama," alisema wazi. "Yeye hawezi kuita mtu. Nimekuja mwenyewe, kwa sababu nikienda kazini anabaki peke yake, na wewe ndiye unajua anavyopenda kugeuziwa mto."

Nthambi alifunga duka. Kwa wiki tano alienda kila siku. Alimwosha Kavindu, akamlisha uji kwa kijiko, akamsuka nywele mistari minne kama alivyozipenda. Siku ya kwanza kabisa alipiga magoti kando ya kitanda, akaomba msamaha kwa Kikamba na kwa Kiswahili, akitaja kila kitu: redio, tamasha, sare. Kavindu alimtazama. Macho yake yalikuwa mazima, lakini hakuna aliyeweza kusema kilichokuwa nyuma yake. Daktari alisema huenda anaelewa yote, huenda haelewi. Nthambi akaomba tena siku iliyofuata, na iliyofuata.

Wiki ya nne, akiwa anamkanda ule mkono uliokufa, alianza kuimba *Ivia* chini kwa chini. Alidhani labda wimbo utafika mahali maneno yamekataa. Alifika mstari wa pili. Kavindu aliinua mkono wa kushoto, polepole, akauweka kwenye mdomo wa Nthambi. Hakumpiga. Aliufunika tu mdomo, akaushikilia hivyo mpaka Nthambi akanyamaza, kisha akaushusha.

"Nilielewa, Pauline," aliniambia jioni hiyo, akiwa amekaa kwenye ngazi za gorofa yangu. "Sikutaka kuelewa, lakini nilielewa."

Siku tisa baadaye Kavindu alifariki.

Alizikwa Katelembo, kando ya mumewe. Ngwatanio tulienda wote, na nusu ya Mlolongo, madereva kwa mafundi, na watu ambao majina yao hatukuyajua ila walikuwa wamekula chakula chake. Mshereheshaji alikuwa mtu wa mbali asiyejua habari zetu. Baada ya sala alishika kipaza sauti akasema, "Sasa tumwombe mama yetu wa redio, mwenye ule wimbo wa jiwe, atuimbie tumsindikize marehemu."

Watu wakageuka. Nthambi alisimama, akatembea mpaka mbele. Alipokea kipaza sauti kwa mikono miwili. Nikaanza kuinua kayamba, akanitazama, nikaishusha.

"Wimbo si wangu," akasema. "Ni wa huyu. Aliutunga alipozika mumewe, yule aliyelala hapo. Mwendwa ni jina lake. Mimi niliulizwa, nikasema uchungu ni wangu, na mume wangu yuko hai, amesimama pale. Nimekula heshima ya wimbo huu mbele yake akiwa na macho. Nilikuwa na miaka miwili na nusu ya kusema hivi naye akisikia. Nasema leo, na hasikii."

Tulisikia kamba za jeneza zikifunguliwa. Mama mkwe wa Kavindu, yule aliyekuwa mgonjwa siku ya redio, alikuwa amepona, na sasa alikuwa akimzika mkaza mwana wake. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, leso kichwani.

"Sisi tulijua," alisema bila kipaza sauti, akielekeza mkono kwenye jeneza. "Huyu mtoto alituambia kwa simu siku ile ile ya redio. Tulikuwa tunangoja wewe."

Hakusema zaidi. Wavinya alimpokea Nthambi kipaza sauti, akamwambia mshereheshaji tuendelee bila wimbo. Kwa hiyo mwanamke aliyetutungia nyimbo miaka yote hiyo aliingia kaburini tukisikia majembe tu.

Wiki iliyofuata Nthambi na Wavinya walienda pamoja kwenye kituo cha redio. Mtangazaji alisikitika kweli, akasoma marekebisho Jumanne, sentensi mbili, kati ya matangazo ya vifo na tangazo la mbolea. Tangu hapo *Ivia* haijapigwa. Wavinya aliomba hivyo, na sisi tumekubali kwamba wimbo ni wake mpaka atakaposema.

Ngwatanio bado ipo. Tuko saba. Naongoza mimi, kwa kukosa mwingine. Nthambi hushona sare, hufika mapema kupanga viti, hukaa nyuma. Wakati mwingine mtu mpya anamwambia, "Mama, nasikia uliimba vizuri sana," naye anasema, "Niliimba." Dukani haimbi tena. Wapangaji waliokuwepo zamani wengi wamehama, na hawa wapya hawajui kwamba cherehani hiyo iliwahi kuwa na sauti nyingine.

Mwezi uliopita tulienda Katelembo kumsaidia Wavinya kuvuna mahindi ya shamba la mama yake. Tulikuwa tumekaa chini tunapukuchua, sisi watatu. Nthambi hakuinua macho.

"Wavinya, wewe ulikaa naye siku za mwisho. Alinisamehe?"

Wavinya alimaliza hindi lililokuwa mkononi, akatupa gunzi kwenye rundo.

"Sijui, mama," alisema. "Ningependa kukuambia ndiyo. Lakini hakuniambia, na siwezi kumsemea."

"Ni kweli," Nthambi akasema. "Usimsemee."

Akavuta hindi lingine. Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye punje, naye hakuyafuta. Wavinya akasogea kidogo, wakagusana mabega, tukaendelea kupukuchua mpaka gunia likajaa.