Wakazi Sita wa Nyumba ya Geti la Kijani

Sikieni, hii habari nimeikalia muda mrefu kwa sababu ya aibu, na mnaonijua mnajua mimi si mtu wa kuona aibu kirahisi. Nimesimama mbele ya madarasa miaka thelathini na ushee, nimewahi kupasukiwa sketi nikiwa ubaoni, nikajifunga kanga na somo likaendelea. Lakini siku ile ya mkutano wa mtaa, mbele ya wastaafu wenzangu wote wa Mbwawa, niliumbuka kiasi kwamba mpaka leo nikienda dukani nazungukia njia ya nyuma.

Kwetu ni Kisarawe, kazi nimefanyia Dar, na nilipostaafu nikajenga Mbwawa huku Kibaha kama walivyofanya wengi wa rika langu. Ukiuona mtaa wetu utadhani una watu tele. Nyumba kubwa, vyumba vitano, sebule mbili, kwa sababu kila mmoja wetu alipokuwa anajenga alikuwa anahesabu watoto na wajukuu. Basi watoto wenyewe wanakuja Idd mosi mchana, wanakula pilau, na magharibi haijaingia wameshawasha magari kurudi mjini (wangu wakiwemo, sijitoi). Tunabaki wawili wawili, au mmoja mmoja. Nyumba nyingine hata huyo mmoja hazina, zina taa tu zinazojiwasha zenyewe giza likiingia. Saa nane mchana unaweza kutembea mtaa mzima usisikie kitu ila kandambili zako mwenyewe, na ukisimama, na zenyewe zinanyamaza, unabaki unajiuliza kama ni wewe peke yako umebaki duniani.

Sasa tulikuwa tunaomba zahanati. Wazee tumejaa, presha, sukari, magoti, na kila ukiumwa mpaka usafiri. Tukaambiwa eneo lenu halina watu wa kutosha, leteni idadi kamili. Mwenyekiti wetu wa mtaa, Mzee Kibwana, akaja kwangu.

"Mwalimu, wewe una mwandiko mzuri. Pita nyumba kwa nyumba, andika nani analala pale na ana umri gani. Ila nakuomba, usiniandikie mtu ambaye hujamwona. Ukimkosa, kathibitishe kwa mjumbe wa eneo lake."

Nikamwambia wala asihangaike. Fomu niliitengeneza mwenyewe, na chini kabisa nikaweka maneno kwa herufi kubwa: NIMEWAONA WAKAZI HAWA KWA MACHO YANGU, halafu pa kusaini. Maneno hayo niliyatunga mimi, kwa kujiona ninajua kazi. Yakumbukeni.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka nilipofika nyumba ya geti la kijani, ya mwisho kabisa kabla ya mikorosho. Mara ya kwanza nilibisha, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu nikakuta geti limeachwa wazi kidogo, nikaingia.

Kitu cha kwanza kukiona ni kandambili. Jozi sita zimepangwa mbele ya mlango, kubwa, za wastani, na ndogo moja ya mtoto yenye ua la plastiki, zote mbichi, zinachuruzika maji kama vile watu wamezivua dakika hiyo. Uani sikuona nyayo. Ua umefagiwa ile mistari ya fagio, na mistari haijakanyagwa na mtu. Lakini ndani kulikuwa na watu, niliwasikia. Mwanamume anacheka, sahani zinagongana, mtoto anaimba kitu, mwanamke anasema "Ongeza nyama huku, jamani."

"Hodi!"

Wakaendelea kucheka, hakuna aliyeitikia. Nikapiga hodi ya pili, ya tatu, nikaanza kuona vibaya, kwa sababu watu wanaokula na kuzungumza namna ile wangesikia. Ndipo akatoka mama mmoja mwembamba, kanga moja kiunoni na nyingine begani, mikono ameificha ndani ya kanga.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Karibu, ukae hapo hapo barazani, ndani pamejaa."

Alijitambulisha kuwa ni Bi Mwanaidi. Nikaeleza kilichonileta. Akageuza shingo kuelekea mlangoni, akasema taratibu, "Mwajuma, punguzeni sauti, tuna mgeni." Na sauti zikapungua. Zote kwa pamoja, jamani, si kama watu wanavyonyamaza, mmoja mmoja, huyu akimalizia neno lake. Zilishuka kwa mkupuo.

Nywele zilinisisimka, sitawaficha. Ila nilijiambia ni njaa (nilikuwa nimekunywa chai kavu tu tangu asubuhi).

"Mko wangapi humu, dada yangu?"

"Tuko sita." Akataja bila kusita: yeye, mumewe Mzee Rajabu, mtoto wao Hamisi, Tatu mke wa Hamisi, Salma dada yake Hamisi, na mjukuu, Mwajuma wa Hamisi, miaka tisa. Nikauliza walihamia lini.

"Ilikuwa siku moja hiyo hiyo. Mimi nilitangulia asubuhi kufagia na kutundika mapazia, wao wakawa wanafuata nyuma na mizigo."

Nikaandika: wote walihamia siku moja. Nikamwomba awaite niwaone. Akanitazama, akatabasamu kidogo, akasema, "Wanakula." Basi.

Hapo ndipo nilipoamua. Sheria ilikuwa niende kwa mjumbe, na mjumbe anakaa juu kule kwenye mwinuko, na magoti yangu yalikuwa yananiambia mwinuko ule haupandiki. Isitoshe, watu sita katika nyumba moja! Mtaa mzima sikuwa nimepata nyumba ya watu sita. Nilikuwa naiona zahanati hiyo. Nikajiambia, si nimewasikia? Kusikia na kuona vinapishana nini? Nikasaini chini ya yale maneno yangu ya herufi kubwa.

Mkutano ulikuwa Jumamosi asubuhi, chini ya turubai nje ya ofisi ya mtaa. Alikuja pia afisa kutoka halmashauri, kijana mstaarabu mwenye miwani. Mzee Kibwana akasema majina yasomwe hadharani ili kila mtu ajihakiki. Nikasimama. Ualimu ukanipanda kichwani, nikaita majina kama naita mahudhurio ya darasa, wazee wazima wakawa wanaitikia "Nipo!" huku wanacheka, na asiyekuwepo jirani yake anamsemea. Nilifurahi sana. Nikafika nyumba ya geti la kijani.

"Mwanaidi Shomari."

"Hakuja," akasema mwenyekiti, "lakini namjua, yupo."

"Rajabu Hamisi."

Kimya. Mimi nikadhani hawajasikia, nikapaza sauti. "Rajabu Hamisi! Hamisi Rajabu! Tatu Ally!" Kila nikiita kimya kinazidi, mpaka nikawa nasikia turubai linavyopigwa na upepo. Mwenyekiti akaninong'oneza, "Mwalimu, ile nyumba mimi namjua mama mmoja tu." Nami badala ya kunyamaza nikaendelea, "Salma Rajabu! Mwajuma Hamisi, miaka tisa!"

Nyuma kule mwanamke akapiga ukelele. Sikuwa namjua. Alikuwa anaitwa Bi Kuruthumu, mkazi wa Visiga, ana kiwanja kwetu anajenga, ndiyo maana alikuja. Alisimama ameshika kichwa.

"Nani kakupa majina ya ndugu zangu? Huyo Rajabu ni kaka yangu! Hao wote tumewazika Kisarawe, siku moja, wote watano! Gari lao lilipinduka wakiwa wanakuja na mizigo kuhamia nyumba hiyo! Na Mwajuma alikufa ana miaka sita, hiyo tisa umeitoa wapi?"

Yule afisa akachukua fomu mkononi mwangu, akaitazama chini, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, hapa umesaini kwamba umewaona kwa macho. Uliwaona?"

Ningesema hapana, yangekwisha. Aibu kidogo, samahani mbili tatu, tukaenda nyumbani. Lakini watu zaidi ya mia wananitazama, na mimi ndiye mwalimu.

"Niliwaona," nikasema. "Walikuwa wanakula."

Basi watu wakainuka. Viti vya plastiki vikaanguka, mzee mmoja ambaye siku zote anatembea na fimbo alitoka pale bila fimbo. Na mimi (ndiyo aibu yenyewe hii) niliposikia mdomo wangu mwenyewe umesema wanakula, nikakumbuka zile sauti zilivyoshuka kwa mkupuo, na zile kandambili mbichi, na ua usio na nyayo, nikakimbia. Mimi, na magoti haya! Niliacha fomu kwa afisa, nikaacha viatu, mtandio ukanaswa na kamba ya turubai ukabaki huko huko, nikaingia kwenye mtaro hadi mapajani, na aliyenitoa ni afisa wa halmashauri. Alinivuta kwa kwapa kama gunia.

Mngedhani imeishia hapo. Kufika jioni mtaa wote ulikuwa na habari: Mwalimu Zuhura kawaona marehemu watano kwa geti la kijani, wanakula wali. Kesho yake watu wakaacha kupita njia ile. Muuza maziwa akaacha kupeleka maziwa kwa Bi Mwanaidi. Siku ya tatu nikawasikia watu wawili dukani, wazee wa heshima zao, wanasema yule mama hakuwazika watu wake, kawaficha, anawatumikisha, na kwamba vijana wa upande wa pili wanapanga kwenda kumtoa humo ndani. Mmoja akageuka akaniambia, "Si ndivyo, Mwalimu? Wewe ndiye shahidi."

Mnajua nchi hii mama mzee anayeishi peke yake akishasemwa hivyo kinachoweza kumpata. Na shahidi ni mimi, kwa kitu ambacho sikukiona.

Nilikwenda kwa Mzee Kibwana nikamwambia ukweli wote, mpaka wa magoti. Yeye akampigia simu Bi Kuruthumu, tukaongozana watu watatu, saa tisa alasiri. Tulipokaribia geti nikazisikia tena. Kicheko kile kile cha mwanamume. Sahani. Mtoto akaimba, na mwanamke akasema, "Ongeza nyama huku, jamani," maneno yale yale, kwa sauti ile ile, na Bi Kuruthumu akanishika mkono akanibana hadi kucha zikaingia. "Hiyo ni sauti ya Tatu," akasema. Tulisimama pale. Hata mwenyekiti alikuwa anasoma dua.

Bi Mwanaidi akafungua mlango mwenyewe, na safari hii mikono haikuwa ndani ya kanga. Alishika rimoti. Nyuma yake, sebuleni, televisheni ilikuwa inaonyesha watu wamekaa mkekani wanakula. Ilikuwa ni video ya Idd yao ya mwisho, aliipiga Salma kwa simu. Kandambili anaziosha kila siku, anazipanga, na uani anafagia kwa kurudi nyuma mpaka mlangoni, ndiyo maana hapakuwa na nyayo. Na miaka ya Mwajuma ameendelea kuihesabu. Hakuna alichokificha. Hakuna aliyewahi kumuuliza tu.

"Sijakudanganya, mdogo wangu," aliniambia. "Uliuliza tuko wangapi. Nyumba hii tuliijenga watu sita."

Nilimwomba radhi nikiwa nimepiga magoti sakafuni, na sikusikia maumivu. Bi Kuruthumu alikuwa analia tu ukutani (hawakuwa wamezungumza tangu mazishi, kila mmoja alidhani mwenzake anamlaumu). Mwishoni Bi Mwanaidi akaniambia nitoe fomu (Mzee Kibwana alikuwa ameirudisha kutoka kwa afisa), nifute, lakini nimsomee majina kwanza, moja baada ya jingine.

Nikasoma jina la Mzee Rajabu. Akasema, "Hayupo." La Hamisi. "Hayupo." La Tatu, la Salma. Kwa Mwajuma alikaa kimya muda mrefu sana, mpaka nikadhani hakusikia, lakini safari hii sikurudia. Nilisubiri. "Hayupo," akasema, na akazima televisheni, na nyumba ile ikawa kimya kwa namna ambayo ilinitisha kuliko zile sauti.

Mkutano wa pili niliuomba mwenyewe. Nilisimama chini ya turubai lile lile nikawaambia watu: sikuona mtu, nilidanganya, nilivivia mwinuko. Walicheka sana. Kuna waliokasirika, na wana haki. Mmoja wa wale wazee wa dukani aliniuliza kwa sauti nilikuwa nafundisha somo gani miaka yote hiyo. Lakini siku iliyofuata muuza maziwa alipita geti la kijani, na Bi Kuruthumu amehamia humo kwa wifi yake mpaka nyumba yake iishe, kwa hiyo sasa kwenye orodha wako wawili, nao nimewaona. Zahanati bado tunasubiri. Halmashauri walisema tuhesabiwe upya, na mtu mwingine, jambo ambalo sikulipinga.

Na mimi nimeapa: sitasaini tena kitu ambacho sijakitazama usoni, hata kama kipo juu ya mlima, hata kama nitapanda kwa kutambaa.