Dada Tunu na mto tulioufagia

Bado mkono unakataa kuandika "marehemu" mbele ya jina la dada Tunu. Tulimzika Jumatano, na mie tangu asubuhi nimekaa na simu, naandika na kufuta.

Wengi humu mnamjua kama yule dada aliyenishikia shela kwenye picha za harusi yetu. Kwetu huku Goba alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha kutunza mto wa bondeni, ule uliokuwa umejaa mifuko na pampasi. Alitaka kitu kimoja tu: samaki wake, perege, warudi na wazaliane.

Siku ya kwanza alitugawia reki na mapanga, kama usafi wa mwisho wa mwezi. Tukatoa takataka. Tukatoa na magogo, mizizi, mawe na majani ya kingoni. Jioni mto ulikuwa kama uwanja wa nyumba yenye harusi. Tukapiga picha, tukapongezana.

Perege hakuja hata mmoja. Hata visamaki tulivyovikuta vilipotea.

Dada Tunu akaenda kuuliza kwa afisa uvuvi. Akaambiwa samaki anataka kivuli, anataka pa kujificha, na sie tulikuwa tumemfagilia vyote. Akaitisha mitingi, akasimama mbele ya mtaa mzima. "Nimewakosesha. Samaki tumewafukuza sisi wenyewe tukidhani tunawafanyia usafi. Kesho tunarudisha magogo."

Mzee Chande, jirani yake, alicheka mpaka akakohoa. "Tunu, jana mmetoa, leo mnarudisha. Mgonjwa nani, mto au nyie?"

"Sie, mzee wangu. Haya, kesho njoo ushike upande mmoja wa gogo."

Hakuja. Upande ule niliushika mie. Wa pili aliushika kijana mrefu, mchonga vinyago wa Mwenge, aliyesikia huku kuna magogo akaja kujitafutia la kuchonga. Gogo alikosa, akapata mke. Ndiye Baraka, mume wangu. Bado nalipenda sana hilo neno, mnisamehe.

Kwenye kitchen party yangu, akina mama wengine walinifunda mambo ya ndani. Dada Tunu alichukua maiki akasema: "Perege dume huchimba kwanza kisahani chake mchangani, akakitengeneza, ndipo anaita mke. Baraka kashapanga chumba na sebule. Mwali, ingia."

Ukumbi ulicheka. Mie nililia. Wiki ile nilikuwa nalia kwa kila kitu.

Siku dada Tunu alipokuwa amelazwa hospitali, Baraka wangu aliviona visahani vyenyewe, pale penye magogo. Viduara mchangani, kila kimoja na perege wake akikilinda. Nikampigia dada Tunu. Akasema, "Nikitoka nakuja kuviona."

Hakutoka.

Jana Jumamosi majirani walikuja mtoni kumuenzi. Walikuja wengi, reki mabegani, Mzee Chande mbele.

"Leo tunaufagia mto wa Tunu mpaka ung'ae," alisema. Hakuwa anatania. Macho yake yalikuwa mekundu. Wawili walishakunja suruali, wameingia majini.

Wakivuta reki pale penye magogo, alichokitafuta dada Tunu miaka yote kinakwisha kabla ya chai. Lakini utamwambiaje mzee aliyefiwa kwamba heshima anayoitoa inaharibu?

Baraka akamsogelea. "Shikamoo, mzee." Akamshika mkono, akamshusha polepole hadi ukingoni. "Hebu angalia hapo, pembeni ya gogo."

Mzee aliinama. Perege mmoja alichomoka, akamfukuza mwenzake, akarudi kuzunguka kisahani chake. Mzee aliendelea kuangalia.

"Huyu yuko kwake," alisema mwishoni. Kisha akawageukia wale wa majini. "Tokeni. Taratibu, msitibue. Reki wekeni chini. Okoteni mifuko tu, tena kwa mkono."

Mmoja akauliza, "Na haya magogo, mzee?"

"Yana wenyewe."

Tuliokota mifuko mpaka adhuhuri. Nilikuwa namwangalia mume wangu, matope magotini, na nikampenda upya, siku ambayo sikutegemea kupenda chochote.

Dada Tunu, wako pale, kila mmoja na kisahani chake. Mto wako hatujaufagia. Lala salama.