Noti ya Dirham Kumi

Mimi ni mtu wa Mombasa, na kwetu ngoma haitazamwi kwa kukunja mikono. Akikupendeza mchezaji unamwendea, unatikisa mabega mbele yake, unamtuza noti. Siombi radhi kwa hilo, ingawa ndilo lililoniponza Dubai, Ijumaa moja, kwenye tamasha la ngoma za Kiairishi na Kiskoti, ngoma za kwao madam wangu.

Nilikuwa yaya wa binti yake wa miaka saba. Siku hiyo mtoto alikuwa anashindana kwa mara ya kwanza, na mwezi mzima alikuwa hali vizuri kwa hofu kwamba atapanda jukwaani agande. Ngoma yenyewe ni mateso: miguu inaruka kama imekanyaga makaa, mikono imebanwa ubavuni, na ukiitikisa unakatwa alama. Tulifanyia mazoezi jikoni, mimi nikihesabu moja, mbili, tatu, yeye akiruka mpaka sufuria zinalia.

"Anti, utakaa mbele?"

"Nitakaa mbele, mamangu."

Nilivaa dera langu jipya nikajifukiza udi, maana sherehe ni sherehe. Langoni tulipokewa na mzee aliyevaa kitu kama kikoi kilichoishia magotini, amekumbatia mfuko wa ngozi anaupulizia, nao unalia kama mbuzi anayepelekwa machinjioni. Niliuma midomo nisicheke.

Zamu ya mtoto ikafika. Fidla ikaanza, yeye kasimama. Ikapigwa tena tangu mwanzo, bado kasimama. Moyo uliniuma, nikaona isiwe tabu: nikapiga kigelegele. Watu wote waligeuka. Mtoto akaniona, akacheka, akaanza.

Jamani, alicheza! Basi nani angekaa kitini? Nilichomoa noti ya dirham kumi, nikaenda kwa mabega mpaka ukingoni mwa jukwaa, nikamnyooshea.

Nilichosahau ni kwamba kwa miaka miwili nilikuwa nimemfunza adabu. Mkubwa akikupa kitu, pokea kwa mikono miwili, piga goti kidogo, sema asante. Na yeye, katikati ya ngoma, alisimama, akatoa mikono yote miwili, akapiga goti. "Asante, anti." Kisha akaendelea kuruka na noti yake mkononi. Jaji akaweka kalamu chini.

Alitangazwa wa mwisho. Garini, tuliposimama kwenye taa nyekundu ya pili, kichwani nilikuwa nishaanza kufunga sanduku langu.

"Nani alimfunza kupokea vile?" madam akauliza.

"Mimi, madam."

"Mimi nimeshindwa hata kumfunza kusema asante," akasema, na taa ikawaka kijani. Nilitamani kufurahi, lakini nilimtazama mtoto amelala nyuma na noti yake, nikaona haya. Nilikuwa nimemharibia.

Mwaka uliofuata nilidhani nitaachwa nyumbani. Madam alinikalisha safu ya mbele, ubavuni mwake, kisha akachukua pochi yangu akaikumbatia kwa mikono yote. Mtoto alipanda, akanitafuta kwa macho. Kigelegele hakikuwa ndani ya pochi, nikampigia. Alicheza mpaka mwisho, mikono imetulia kama ya askari, akainama, watu wakapiga makofi.

Madam akanirudishia pochi.

"Yalla," akasema. "Sasa nenda."